Ubao wa Sataranji Niliouziba Mwenyewe

Ninyi vijana mnaotengeneza simu pale karibu na stendi ya Kahama, nikipita mnasema "shikamoo mzee" halafu mnageuza bodi kifudifudi nisione mnachofanya. Marahaba. Nimewaona, macho yangu hayajafa kiasi hicho. Nami nilikuwa hivyohivyo, tena mbaya kuliko ninyi, ndiyo maana leo nawaandikia badala ya kulala mchana kama wastaafu wenzangu.

Nimekuwa fundi wa redio kwa zaidi ya miaka arobaini. Watu wananiita Baba Kulwa. Nimefufua redio, amplifaya za makanisa, spika za misikiti, mizani za wanunuzi wa dhahabu, hata mashine ya meno mara moja, ingawa daktari hakunishukuru. Lakini sitawasimulia hayo. Nitawasimulia habari ya ubao mmoja wa sataranji, huo mchezo mnaouita chesi, na jinsi binti niliyemfundisha kazi alivyonyang'anywa kazi yake kihalali kabisa, kwa karatasi na mihuri, kwa sababu yangu mimi. Msinionee huruma. Afadhali mnichukie kidogo, itawasaidia.

Kwanza mjue nilikotoka. Ufundi nilijifunza Shinyanga mjini, kwenye duka la Mzee Jivan, Mhindi aliyezaliwa palepale Shinyanga na aliyejua kutukana kwa Kisukuma kuliko bibi yangu. Siku ya kwanza hakunipa bisibisi. Alinipa kipande cha msasa. Kazi yangu ilikuwa kusugua namba zilizoandikwa juu ya IC, vile vidude vyeusi vyenye miguu mingi, mpaka zifutike, ili fundi mwingine akifungua asijue ni ya aina gani wala atainunua wapi. Baada ya hapo tunamwaga gundi ya mirija miwili juu yake, inakauka inakuwa jiwe.

"Bebe," yaani wewe kwa Kisukuma, "mwanangu," aliniambia, "mteja anakuja kwako kwa sababu hajui. Siku akijua, atakuja kufanya nini?"

Nikaona hekima ya ajabu. Na huku kwetu maneno hayo yalipata ardhi nzuri, maana watu wa dhahabu nao ni hivyohivyo. Mchimbaji akiona mwamba mzuri kwenye duara lake, yaani shimo lake la dhahabu, ukimuuliza habari za kazi atakwambia "hamna kitu kaka, tunachimba vumbi tu," huku kiatu alichovaa ni kipya. Basi nikasugua. Nilisugua kwa bidii mpaka nikajikomesha mwenyewe: amplifaya ya kanisa moja niliyoitengeneza ilirudi imekufa, nikaifungua, nikakuta nimefuta kila namba. Sikukumbuka hata moja. Nilihangaika nayo wiki nzima, mchungaji anakuja kila asubuhi kuniuliza kama nimeomba. Mtu mwenye akili angeacha hapo. Mimi niliongeza gundi.

Sasa ubao. Mwalimu Shija alikuwa anafundisha hesabu kwenye shule moja ya Shinyanga yenye wanafunzi wasioona. Mwenyewe alikuwa anapenda sataranji kuliko chakula, akaifundisha darasa zima. Shida ikawa moja: mtoto asiyeona anapapasa kete ajue zilipo, anaziangusha, ugomvi unaanza. "Farasi wangu alikuwa hapa!" "Hakuwa hapo!" Akaja kibandani kwangu Kahama akaniuliza kama ninaweza kutengeneza ubao ambao kete hazianguki, na unaosema wenyewe kete imetua wapi.

Nikacheka. Kisha sikulala vizuri wiki mbili.

Wazungu walikuwa na mbao za namna hiyo tangu zamani, nilikuja kujua baadaye, lakini zina swichi ndogo za kioo chini ya kila chumba, na vyumba ni sitini na vinne, na swichi hizo Kahama ungezipata wapi? Nikatumia nilichokuwa nacho. Nilichukua washa, kile kipete cha chuma kinachokaa chini ya nati, nikakisimamisha juu ya springi ya kalamu ya wino, chini ya mbao nyembamba. Kete ina sumaku tumboni. Ukiiweka, washa inaruka juu, ta! inagonga mbao na kugusanisha nyaya mbili, saketi inajua, sauti inasema "E, nne." Ile ta mchezaji anaisikia kwenye vidole. Na washa inaishika kete isianguke ikipapaswa. Kitu kimoja, kazi tatu. Nisamehewe kujisifu, lakini ilikuwa nzuri.

Sauti ilikuwa ya mke wangu, Mama Kulwa. Siku ya kwanza nilipoupeleka shuleni, mbele ya mkuu wa shule, ubao ukaanza kusema peke yake: "E, nne. E, nne. E, nne." Hakuna kete hapo! Watoto wakacheka mpaka mmoja akasema, "Huyu mama kuna mtu anamdai pale E nne." Nikaubeba nikarudi nao Kahama nimenuna njia nzima kwenye basi.

Kosa lilikuwa hili, na liandikeni. Chuma cha washa kikikaa na sumaku siku nyingi, nacho kinageuka sumaku, hakiachii tena. Nilijaribu misumari, nikajaribu bati za transfoma, hola. Aliyenitoa ni jiko la Mama Kulwa. Washa moja ilidondokea kwenye makaa, nikaiokota kesho yake kwenye majivu, nikaijaribu kwa kiburi tu. Ikaachia. Basi siri ni hiyo: choma washa mpaka iwe nyekundu, ifukie kwenye majivu ya moto, iache ipoe yenyewe mpaka asubuhi. Usiimwagie maji, utaiharibu. Mnaona ilivyo fupi? Sentensi tatu. Nilizifungia tumboni miaka mingi kama mtu aliyemeza dhahabu.

Ubao ulipokaa sawa nikampa Mwalimu Shija, lakini sikumpa hivihivi. Nilimwazima. Nikaandika karatasi: ubao huu ni mali ya fundi, hauruhusiwi kufunguliwa, kuchorwa wala kuonyeshwa ndani kwa mtu yeyote. Nikapeleka kwa mtendaji wa mtaa akapiga muhuri na kuandika tarehe. Mwalimu akasaini huku anacheka. "Baba Kulwa, kwani nimeazima bomu?" Kisha nikauziba pembeni zote kwa gundi ya mirija miwili. Nilijiona wakili kabisa.

Minza alikuwa ameshaanza kazi kwangu wakati huo. Alikuwa ametoka kidato cha nne, binti wa wafugaji, mkimya, vidole vyepesi kuliko vyangu. Kwa mwaka wa kwanza nilimfundisha kulehemu, kusoma mita, kubadili spika. Ubao sikumfundisha. Nilipokuwa nafunga washa nilikuwa namgeuzia mgongo, ila majivu niliyokuwa nafukua kila asubuhi sikuweza kumficha.

Siku moja ubao ulirudi una waya uliokatika, nami nikaitwa msibani Ibadakuli, nikakaa siku tatu. Niliporudi, ubao ulikuwa unasema vizuri kabisa. Minza alikuwa ameufungua, akapasha gundi joto taratibu kwa chuma cha kulehemu mpaka ikalegea, akaunga waya, akafunga. Ningepaswa kuchinja mbuzi. Nikasema, nani amekutuma? Akasema hakuna. Moyo ukaniingia mdudu.

Wiki moja baadaye nikakutana na Mwalimu Shija kule Shinyanga, anang'ara uso. "Baba Kulwa, hongera sana! Minza ameniletea daftari, michoro yote, namna washa inavyofanya kazi, hata majivu. Nitatoa nakala kwa darasa la fizikia, na walimu wenzangu wa wilaya wanaitaka kwenye mkutano." Alikuwa nalo mkononi. Daftari la jalada la buluu, kila ukurasa una tarehe na mchoro uliopigwa kwa rula.

Nikamwambia anipe nilihakikishe kwanza, lisije likawa na makosa. Akanipa. Mwalimu aliniamini.

Nililitia kwenye jiko la mama lishe jirani yangu, mbele ya Minza, chini ya sufuria ya maharage. Mama lishe alisema, "Baba Kulwa, jamani, si ungempa mtoto hata akaandikie hesabu zake?" Nikamwambia asiingilie. Minza hakulia. Alisema, "Fundi, mimi si mwizi. Nilitaka kujua."

"Kujua ndiyo wizi wenyewe," nikamjibu. Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu huu ninaolia ugali.

Na sasa sikilizeni mjinga alivyo. Mwaka uliofuata akaja mgeni kutoka Dar es Salaam, mhandisi, kijana wa miaka thelathini na kitu, viatu safi, amezunguka shule za kanda hii kwa mambo ya misaada, akauona ubao pale kwa Mwalimu Shija. Akaja Kahama kunitafuta. Hakunisalimia kama fundi wa kibandani. Aliniita "mvumbuzi". Akasema, "Mzee, watu kama wewe nchi hii inawaficha." Akaniambia amesoma nje na huko hajaona kitu kama hiki.

Jamani, mtu akikaa miaka yote anaitwa "fundi, bado tu?" halafu siku moja aitwe mvumbuzi, anaweza kuvua hata shati. Nilifunga mlango kwa komeo. Minza nilimtuma soda. Soda mbili, ya mgeni na yangu, na nikamwambia asichukue za jirani, aende mpaka kule sokoni zilipo baridi. Nilitaka muda. Akarudi akagonga, nikamwambia subiri. Akasimama juani na chupa mbili zinatoka jasho, huku ndani mimi nimefungua ubao wote, namwonyesha mgeni springi, washa, nyaya, mpaka namna ya kufukia kwenye majivu. Nikamwapisha: hii ni siri yetu wawili. Akaniapia kwa mkono kifuani. Nilipofungua mlango soda zilikuwa za moto.

Minza aliaga mwisho wa mwezi ule. Hakugombana. Alisema anaenda Buseresere kwa shangazi yake. Nami nilimwambia nenda, mafundi ni wengi. Mafundi ni wengi! Kumbe nilikuwa naye mmoja.

Huko Buseresere alifungua karakana, na baada ya miaka miwili mitatu akaanza kutengeneza mbao mwenyewe kwa yale aliyokuwa nayo kichwani. Zilikuwa nzuri kuliko yangu. Zake zilikuwa nyepesi, pembe zimepigwa msasa mtoto asijichome kibanzi, sauti yake mwenyewe ndani. Shule ya Mwalimu Shija ikachukua, na shule nyingine za huku zikaanza kuagiza. Mimi nilisikia tu, sikumpigia simu.

Aliyepiga ni yeye. Alisema, "Shikamoo Fundi. Nimepata barua ya wakili." Kampuni moja ya Dar ilikuwa na hataza ya ubao ule, iliyoombwa kabla Minza hajatengeneza ubao wake wa kwanza. Hataza, kwa msiojua, ni hati ya serikali inayosema uvumbuzi huu ni wa fulani, mwingine asiutengeneze bila ruhusa yake. Mvumbuzi aliyeandikwa ni yule mhandisi wangu wa soda. Minza alitakiwa aache kutengeneza, na mbao zote alizokwisha kuzitoa zizimwe.

Nilimwambia usiogope, mwanangu. Ushahidi ninao. Nikafungua sanduku nikatoa karatasi yangu yenye muhuri wa mtendaji.

Tulikwenda wote wawili kwa wakili mmoja Shinyanga, mama mpole mwenye miwani, aliyekubali kutusaidia kwa sababu mdogo wake alisoma shule ile. Alitufafanulia vizuri. Alikuwa amechapisha rundo la karatasi za mbao za Wazungu, za zamani sana. "Mbao zinazohisi kete zilikuwepo kabla hatujazaliwa sisi sote hapa," alisema, "lakini hawa hawadai ubao. Wanadai washa tu." Akatusomea: kipete cha chuma juu ya springi, kilichopashwa moto na kupozwa polepole ndani ya majivu.

Nikaruka kwenye kiti. Majivu! Mhandisi wa viatu safi aliyaona wapi majivu kama si kwenye jiko la mke wangu?

"Nakuamini, Mzee," wakili akasema. "Sasa tuone. Tukionyesha kwamba jambo hili lilikuwa linajulikana kwa watu kabla hajapeleka maombi, hataza inaanguka. Si lazima liwe linajulikana duniani kote. Watu tu, ambao hawakufungwa na siri. Una nini?"

Nikamkabidhi karatasi yangu kwa mikono miwili. Tarehe ipo, muhuri upo, saini ya mwalimu ipo. Akaisoma. Akaisoma tena. Akavua miwani.

"Mzee, hii inaonyesha ubao ulikuwepo."

"Ndiyo!"

"Na inaonyesha kwamba hakuna aliyeruhusiwa kujua ndani kuna nini. Hii nikiipeleka, wao watanishukuru."

Nikasema Mwalimu Shija yupo, ana mvi lakini yupo, atasema. Akaitwa. Mwalimu Shija ni mtu wa ahadi: akasema ukweli kwamba alisaini kutofungua, na hakufungua hata siku moja. Wakili akauliza kuhusu daftari. Mwalimu akaniangalia, akasema, "Nililishika siku moja, nikatazama juujuu. Nilikuwa bado sijatoa nakala. Baba Kulwa alilichukua alihakikishe." Wakili akageuka kwangu. "Liko wapi? Nakala moja tu ingefika kwa darasa la fizikia, kesi hii tungeimaliza kabla ya chai."

Minza alikuwa anatazama sakafu. Angeweza kusema. Aliniachia niseme mwenyewe, nami nikasema. Nilitaja mpaka maharage.

Ilibaki njia moja, kuthibitisha kwamba yule mhandisi alichukua kwangu. "Siku ile, alikuwepo nani mwingine ndani?" wakili akauliza.

"Minza alikuwa kibandani," nikasema haraka.

"Nilikuwa nje," Minza akasema. "Nilitumwa soda. Niliporudi mlango ulikuwa na komeo. Siwezi kuapa nilichokiona, maana sikuona kitu."

Tulipeleka maombi yetu Dar hivyohivyo, yakiwa kilema. Yalirudi yamekataliwa. Mhandisi alijibu kwamba ndiyo, alimtembelea mzee mmoja Kahama, akanywa soda, wakaongea habari za redio. Ile siri niliyomwapisha ameitunza, hilo siwezi kumlaumu. Wakili alitushauri Minza akubaliane na kampuni kabla hawajamfikisha mahakamani wakamfilisi. Masharti yao yakawa mawili: asitengeneze tena, na washa zing'olewe kwenye kila ubao mbele ya mtu wao.

Kwa hiyo mwezi uliopita tulikuwa kwenye lile darasa la Shinyanga. Mbao zimepangwa kwenye madawati. Mtu wa kampuni, kijana mstaarabu tu, amesimama na simu anapiga picha za kuthibitisha. Wanafunzi walikuwa wameambiwa wabaki nje, wakaingia, nani angewatoa? Minza alishika bisibisi, akaiweka chini, akanisogezea.

"Mimi nilizifunga kwa mikono yangu," alisema. "Fungua wewe, Fundi."

Nikafungua. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kufungua ubao ule mbele ya watu, milango wazi. Nikang'oa washa ya kwanza na springi yake nikaviweka mezani. Msichana mmoja wa kidato cha pili, ambaye Mwalimu Shija alisema ndiye bingwa wao, akasikia mlio, akanyoosha mkono.

"Babu, naomba nishike."

Nikamwekea kiganjani. Akaibonyeza springi, akaizungusha washa kwa kucha, akanusa. Akampa mwenzake, mwenzake akampa mwingine, ikazunguka dawati zima.

"Hii si springi ya kalamu?" akauliza.

"Ndiyo."

"Na hii ni washa ya kawaida?"

"Imepikwa kwenye majivu."

Akafikiri. Mtu wa kampuni akakohoa, akasema tafadhali tuendelee.

"Kumbe ni rahisi hivi," yule msichana akasema. "Hata sisi tungetengeneza. Babu, mbona siku zote hizo hamkutuambia?"

Minza naye aliinua uso akanitazama, anangoja jibu kama wale wengine. Nikainama, nikaingiza bisibisi kwenye chumba cha pili.